Mzaha Usioweza Kujibiwa

Katika mambo ambayo watu huyafanya madogo kisha yakawaletea majuto makubwa, hapana lifanywalo dogo kama mzaha. Mtu akiiba twamwita mwizi, na akisema uongo twamwita mwongo; lakini akimtahayarisha mwenzake mbele ya watu huku akicheka, twamwita mcheshi, na pengine twamwalika arusini ili atuchangamshie kikao. Kwa hiyo tumeona yafaa mwezi huu tulizungumze jambo hili, na tulizungumze kwa mfano wa mtu mmoja ambaye dunia nzima ilimjua, na ambaye alifika katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki zaidi ya mara moja.

Sababu ya kuandika ni swali tuliloulizwa. Vijana wa madrasa yetu hapa Nyasho, mjini Musoma, walikuwa wakisomeana katika simu zao maneno aliyopata kuyasema Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kila neno likawachekesha zaidi ya lile lililotangulia. Mmoja wao akatuuliza: "Maalim, bwana huyu alikuwa mtani wa watu, au alikuwa mwenye kudharau watu?" Swali ni jema, wala halitoshelezwi na jawabu la neno moja. Tuliahidi kulijibu kwa maandishi, na ahadi ni deni.

Kwanza tumjue mwenyewe, maana si haki kumpima mtu kwa maneno yake tu bila kujua alikotoka. Philip alizaliwa tarehe 10 Juni, 1921, katika kisiwa cha Corfu, katika ukoo wa wafalme wa Ugiriki na Denmark. Alikuwa hajatimiza miaka miwili wakati jamaa zake walipofukuzwa Ugiriki, na yasimuliwa kwamba mtoto huyo alitolewa nchini akiwa amelazwa katika kisanduku cha machungwa. Mama yake, Alice, alizaliwa kiziwi, akajifunza kufahamu maneno kwa kutazama midomo ya msemaji. Philip akakua katika nyumba za jamaa na katika shule za mbali, akaingia jeshi la wanamaji la Uingereza, akapigana katika Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1947 akamwoa Elizabeth, ambaye mwaka 1952 alirithi ufalme. Tangu hapo kazi yake ikawa kumfuata mkewe hatua chache nyuma, kushikana mikono na wageni, kufungua majengo, na kusema maneno mawili matatu na watu asiowajua wala hatawaona tena. Aliifanya kazi hiyo hata mwezi wa Agosti 2017, akiwa na umri wa miaka 96. Alifariki tarehe 9 Aprili, 2021, ikiwa imebaki miezi miwili tu atimize miaka 100.

Huku kwetu wazee walimwona Dar es Salaam tarehe 9 Desemba, 1961, alipokuja kumwakilisha Malkia siku Tanganyika ilipopata uhuru. Aliyeupokea uhuru huo, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa mtoto wa Chifu wa Wazanaki wa Butiama, jirani zetu, na masomo yake aliyaanzia hapa hapa Musoma katika shule ya Mwisenge mwaka 1934. Watu hao wawili walikaribiana sana kwa umri, mmoja akizaliwa 1921 na mwenziwe 1922. Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Desemba, 1963, Philip alikuwa Unguja siku Zanzibar ilipopata uhuru chini ya Sultan Jamshid bin Abdullah. Na baada ya siku mbili akawa Nairobi kwa uhuru wa Kenya. Basi mtu huyu si mgeni wa hadithi za mbali. Alisimama penye bendera zetu.

Na huko Nairobi ndiko lilikotoka neno lake mashuhuri kuliko yote aliyoyasema katika Afrika. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, bendera ya Uingereza ikiwa karibu kushushwa, yasimuliwa kwamba alimwinamia Jomo Kenyatta akamwambia kwa sauti ndogo: "Je, una hakika kwamba wataka kuendelea na jambo hili?" Sasa kumbukeni Kenyatta alikuwa nani. Alikamatwa mwezi wa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu, na asiwe huru kabisa hata mwezi wa Agosti 1961. Kumuuliza mtu wa namna hiyo kama ana hakika ya kuutaka uhuru ni kama kumuuliza aliyelivuka ziwa hili letu kwa kuogelea kama ana hakika ya kuitaka nchi kavu.

Hayo hayakuwa ya mwisho. Mwaka 1969, huko Vancouver katika nchi ya Kanada, alitakiwa afungue jengo, akasema: "Nalifungua jambo hili, lo lote liwalo." Mwaka 1981, wakati Waingereza wengi walipokuwa wamekosa kazi, alisema kwamba watu walikuwa wakidai muda zaidi wa mapumziko, na sasa wanalalamika kuwa hawana kazi. Mwaka 1984, alipokuwa Kenya, mwanamke mmoja mwenyeji alimpa zawadi, naye akamwuliza: "Wewe ni mwanamke, sivyo?" Mwaka 1986 aliwaambia wanafunzi wa Kiingereza waliokuwa wakisoma China kwamba wakikaa huko muda mrefu macho yao yatakuwa membamba. Mwaka 1999, katika mji wa Cardiff, alikutana na vijana viziwi waliokuwa wamesimama karibu na wapiga ngoma za chuma, akawaambia kwamba kama wapo karibu na kelele zile si ajabu kuwa ni viziwi. Na mwaka 2003, alipomwona Rais Olusegun Obasanjo wa Nigeria amevaa joho lake la kwao, alimwambia: "Waonekana kama uko tayari kwenda kulala."

Tunakiri kwamba baadhi ya maneno haya yatachekesha hata msomaji mwenye uso mkavu. Sisi tuvaao kanzu asubuhi hata usiku hatukuweza kujizuia kutabasamu tuliposoma neno lile la joho. Wala hatupendi kuwa kama watu wale ambao kila wasikiapo kicheko hudhani kwamba shetani amepita. Kicheko ni neema, na mtu asiyecheka na watu wake ni mzigo nyumbani mwake.

Yapo pia ya kumtetea marehemu, na insafu yatutaka tuyaseme. Watetezi wake husema kwamba mtu akikutanishwa na wafalme huingiwa na hofu, ulimi ukawa mzito, akabaki amesimama kama mti. Na kwamba Philip aliona kazi yake ni kuivunja hofu hiyo kwa neno la kuchekesha, ili mtu apumue. Wengi waliosimuliwa habari hizi wamesema kuwa walicheka kweli. Tena mwenyewe hakujificha. Mwaka 1960, alipowahutubia madaktari wa meno, alitunga jina la kielimu la kuchekesha kwa maradhi yake, akaeleza kuwa ni ile elimu ya kupanua kinywa na kutia mguu wako ndani, na kwamba yeye ameifanyia mazoezi miaka mingi. Waingereza, mtu akisema lisilopasa, husema ametia mguu kinywani. Na sisi Waswahili tuna methali inayokaribiana nayo: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa kufungwa kitambaa, na kidonda cha ulimi hupona taratibu, hasa kwa kuwa aliyejikwaa siye auguaye.

Hapo ndipo penye fundo la jambo letu, na hapo ndipo tuanze kulifungua.

Watu wa kwetu wanaujua utani. Hapa Musoma Wakwaya, Wajita, Waruri, Wakurya, Wazanaki, Waluo na watu waliotoka pwani na Tabora wamekaa pamoja miaka mingi, na hapana asiyejua maana ya mtani. Babu humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji, binamu humtania binamu, na makabila mengine hutaniana kwa mapatano yaliyoanza kabla ya babu zetu. Mtu hufika hata kumwita mtani wake mwizi wa kuku, mlafi, mwoga wa maji, na waliopo wakacheka wote. Mgeni asiyejua mambo akisikia hudhani kwamba visu vitatoka sasa hivi. Lakini visu havitoki, kwa kuwa utani una sharti zake, na kila mmoja azijua ingawa hazikuandikwa po pote.

Sharti la kwanza ni kwamba utani huenda na kurudi. Ukiniita mlafi leo, kesho nami nitakuita mlafi wa kwanza, na hutakuwa na ruhusa ya kununa. Babu mwenye mvi akimwambia mjukuu wake wa kike kwamba ni mke wake asiyejua kupika, mjukuu humjibu kwamba hataki mume asiye na meno, na nyumba nzima hucheka. Wala hapana atakayemwambia yule mtoto kuwa amekosa adabu.

Sharti la pili ni kwamba mtani ana wajibu. Yule anayekucheka siku ya furaha ndiye anayekuja mbio siku ya msiba. Masheikh wetu hawapendi mzaha mahali pa maiti, nasi tuko pamoja nao. Lakini hapana awezaye kukataa kwamba mtani ndiye ashikaye jembe makaburini, na mke wake ndiye atekaye maji ya wageni. Mwenye kukucheka amekwisha kuulipia ucheshi wake kwa jasho.

Sharti la tatu ni kwamba mipaka yajulikana. Mtani hujua ni jambo gani la kugusa na ni jambo gani la kuacha. Humtania mtu kwa ulaji wake, kwa uvivu wake, kwa kabila zima ambalo yeye ni mmoja tu katika maelfu. Hamtanii kwa mtoto aliyemzika juma lililopita.

Sasa tuyachukue masharti hayo matatu tuyaweke juu ya maneno ya Mwanamfalme, nanyi mtaona jinsi yanavyogawanyika yenyewe. Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu, na usiku ule ndio aliokuwa akipokea nchi. Alikuwa na ulimi wake na watu wake, na kama angetaka kumjibu hapana ambaye angemzuia. Obasanjo alikuwa Rais wa nchi yenye watu wengi kuliko zote katika Afrika. Jengo la Vancouver halikuwa na moyo wa kuumia. Mizaha hiyo, hata kama haikuwa na heshima, ilirushwa kwa watu au kwa vitu vinavyoweza kuustahimili. Lakini yule mwanamke wa Kenya wa mwaka 1984, aliyekuja na zawadi mikononi, angejibu nini? Amevaa nguo yake nzuri, jamaa zake wanamtazama, maafisa wamesimama kushoto na kulia, naye aulizwa mbele ya watu wote kama ni mwanamke. Je, angemwambia mgeni wa taifa, "Na wewe, je, u mwanamume?" Na Mwingereza aliyefukuzwa kazi mwaka 1981, angempata wapi Mwanamfalme ili amwambie kwamba mapumziko ya njaa si mapumziko?

Basi jawabu letu kwa kijana aliyetuuliza ni hili: mzaha wa mtu asiyeweza kujibiwa si utani. Maneno yaweza kuwa yale yale, kicheko kikawa kile kile, na hata nia ikawa njema. Lakini ikiwa mmoja ana ruhusa ya kurusha na mwingine hana ruhusa ya kurudisha, huo ni mchezo wa mtu mmoja, na yule wa pili ndiye mpira.

Hao vijana viziwi wa Cardiff watufundisha jambo jingine. Tumetangulia kusema kwamba mama yake Philip alikuwa kiziwi. Kwa hiyo uziwi haukuwa kitu kigeni kwake. Alikua akiujua tangu utoto, na yawezekana kabisa kwamba katika jamaa zao kuufanyia mzaha kidogo kulikuwa njia ya kuubeba. Watu wengi hufanya hivyo majumbani mwao. Lakini neno linalofaa chumbani halifai kila mara barazani. Mama hujua moyo wa mwanawe. Mgeni apitaye na msafara wa magari hawezi kuujua.

Hayo si mambo ya Ulaya tu. Tuna habari ya hapa hapa petu, nasi twaisimulia bila kumtaja mhusika jina wala cheo, kwa kuwa makusudi yetu si kumfedhehesha mtu. Katika sherehe ya wanafunzi wetu alialikwa mgeni mmoja mwenye mali na heshima, ambaye alikuwa amekwisha kutuahidi mabati ya kuezekea. Kijana mmoja wa miaka kumi na mmoja alisoma Qurani mbele ya watu, akasoma vizuri mno. Kijana huyo ana kigugumizi katika mazungumzo, lakini akisoma hupita moja kwa moja kama mashua yenye upepo mzuri. Alipomaliza, mgeni akamwita karibu, akamwekea kipaza sauti mdomoni, akamwuliza jina lake. Hapo kigugumizi kikamshika. Alianza jina lake mara nne, mara tano. Mgeni akaugeukia umati akasema: "Jina la huyu ni refu kuliko sura aliyoisoma!" Watu wakacheka sana. Mtoto naye alitabasamu, kwa maana mtoto mwenye aibu hujificha nyuma ya tabasamu.

Juma lililofuata hakuja chuoni, wala la pili yake. Mama yake, ambaye huuza dagaa Mwigobero, alikuja kwetu baada ya Alasiri na kikapu chake kichwani. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema: "Maalim, mwanangu hakukataa kusoma. Amekataa kuulizwa jina." 

Katika kamati yetu pakawa na maneno. Wako waliosema jambo hili liachwe, mtoto atasahau, na mgeni akiudhika mabati yatakwenda kwingine na mvua za masika zi karibu. Sisi tulisema kwamba paa la madrasa ni kwa ajili ya watoto, na hapana faida ya kumhifadhi mtoto na mvua baada ya kumfukuza kwa kicheko. Hatimaye tulimtuma mzee mmoja mvuvi, rika la yule mgeni tangu ujana wao, ambaye ndiye peke yake aliyeweza kusema naye bila kuogopa. Mzee alikwenda, akamweleza yote. Mgeni akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Nilikuwa nafanya mzaha tu." Mabati yalikuja, hata moja halikupungua, nasi tuliyapokea kwa shukrani. Lile neno moja kwa mtoto, ambalo lisingemgharimu hata senti, halikuja.

Mtoto alirudi baada ya miezi miwili, kwa hisani ya mama yake aliyemshika mkono hata mlangoni, na kwa hisani ya wenzake waliomfuata nyumbani kila Ijumaa kusoma naye uani. Leo anasoma kama alivyokuwa akisoma. Lakini akiona mgeni ameingia, huondoka mstari wa mbele akakaa nyuma. Fikirini, ndugu zetu: neno lilitoka kinywani kwa muda wa pumzi moja, na bado lamwondoa mtoto mahali pake.

Na neno "nilikuwa nafanya mzaha tu" ndilo ambalo wakubwa wote wa dunia wamelifanya kuwa mlango wa kutokea, tangu kasri la London hata kikao cha mtaa wetu. Hebu tulitazame. Mtu akimkanyaga mwenzake gizani husema, "Samahani, sikukuona." Hasemi, "Nilikuwa natembea tu." Kutembea ni halali, na mzaha ni halali, ulizo ni kwamba mguu wako ulitua juu ya nani.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, watu wamekatazwa kudharau watu wengine, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na sababu iliyotajwa yapasa kumwogofya kila mwenye kucheka: huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka. Wala haisemwi kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwa na mizaha. Alikuwa nayo, lakini hakusema katika mizaha ila kweli. Alipomwambia bibi kizee kwamba vikongwe hawaingii peponi, na bibi yule akahuzunika, alifahamishwa mara moja kwamba huko atarudishwa ujanani. Tazameni namna ya mzaha huo: mwisho wake yule mwanamke alikuwa na furaha kuliko alivyokuwa mwanzo. Na Sura ya 80, Abasa, yatukumbusha kisa cha kipofu aliyekuja kutaka kufundishwa wakati Mtume alipokuwa na wakubwa wa Makureshi. Kipofu hakuweza kuuona uso uliokunjamana. Hata hivyo aya ziliteremka kwa ajili yake. Ikiwa kukunja uso mbele ya mtu asiyeona hakukupita bila kuonywa, itakuwaje kumchekesha umati kwa kilema cha mtoto?

Huenda msomaji akasema: "Sisi si wafalme, wala hatuna kasri, maneno haya yatuhusu nini?" Twamjibu kwamba kila mtu ni mfalme mahali fulani. Baba ni mfalme mbele ya sahani ya chakula, anapomwambia binti yake mnene kwamba nyumba itavunjika. Mama ni malkia jikoni mbele ya msichana wa kazi aliyetoka kijijini, anapoyaiga matamshi yake mbele ya mashoga. Kaka mkubwa ni mfalme wa chumba. Mwenye duka ni mfalme wa mtu anayekopa sukari. Na mwalimu, ndugu zetu, ni mfalme mkubwa kuliko wote, maana mwanafunzi hawezi kumjibu, na darasa zima hucheka kwa kumwogopa yeye hata kama neno lake halichekeshi. Twalisema hili tukijua kwamba wenzetu wa kazi hii watalisoma.

Basi, kabla ya kumtolea mtu mzaha, na ajiulize mambo matatu. La kwanza: je, huyu aweza kunijibu kwa neno kama hili nisikasirike? La pili: je, ana haja ambayo iko mikononi mwangu, kama mshahara, chakula, cheti au mabati, hata ikambidi acheke asipotaka? La tatu: je, hiki ninachokicheka amekichagua mwenyewe, au ameumbwa nacho? Akiona hawezi kujibiwa, au haja iko kwake, au kitu chenyewe ni cha kuumbwa, na aumeze mzaha wake. Hapana aliyekufa kwa kumeza mzaha. Na kama umekwisha kumtoka, asiseme "nilikuwa natania", bali aende kwa yule mtu, si kwa wengine, amwombe radhi. Na ikiwa alimtahayarisha mbele ya watu, amwombe radhi mbele ya watu.

Nanyi vijana mnaopelekeana maneno haya katika simu, hatuwakatazi kusoma habari za watu. Lakini yapimeni. Neno likisafiri huongezeka, na si halali kumzidishia maiti asiyoyasema. Tena angalieni mnachokipeleka: ukipeleka neno lililomwumiza mtu miaka arobaini iliyopita ili wenzako wacheke, umelirusha upya.

Tusimwache marehemu bila kumtendea haki. Mwaka 1956 alianzisha mpango wa tuzo kwa vijana ambao umeenea katika nchi nyingi, na vijana wengi wamejifunza kwa mpango huo kutumikia watu na kujitegemea. Kuanzia 1981 hata 1996 alikuwa rais wa shirika kubwa la dunia la kuhifadhi wanyama na mazingira yao. Na ulimi wake ulijua upole. Tarehe 6 Februari, 1952, yeye na mkewe walikuwa Sagana, karibu na Mlima Kenya, wakati ilipofika habari kwamba Mfalme George wa Sita, baba yake Elizabeth, amefariki. Philip ndiye aliyepasika kumwambia. Hakumwambia mbele ya watumishi wala mbele ya waandishi; alimchukua bustanini wakatembea wawili peke yao, akampa habari hiyo huko. Ulimi uliojua kuchagua mahali na wakati siku ya huzuni ungaliweza kuchagua vilevile siku za furaha.

Alipostaafu, watu wa kasri walihesabu kwamba tangu 1952 alikuwa amekwenda katika shughuli 22,219 peke yake, na kutoa hotuba 5,496. Hotuba elfu tano na zaidi! Waulizeni watu wa leo wawatajie hotuba moja katika hizo, nao watanyamaza. Kisha waulizeni watajie neno moja alilomkosea mtu, nao watawatajia kumi. Hiyo ndiyo hesabu ya ulimi: mema huandikwa mchangani, na neno la kuumiza huchongwa katika jiwe, kwa kuwa walioumizwa ndio wenye kulitunza.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na mioyo ya watoto wetu, atupe kicheko kisichomwacha mtu nyuma, na atujaalie ujasiri wa kuomba radhi kabla haujapita wakati wake. Amin.